Matofali ya Afya

Siku Aristides alipogundua kwamba shinikizo la damu ni biashara, alikuwa amesimama nje ya zahanati moja mjini Moshi akiuza asali. Asali yenyewe ilikuwa na undugu wa mbali sana na nyuki. Ilikuwa sukari iliyochemshwa na limao katika chumba chake cha kupanga, Majengo. Lakini tusianze kwa kumchafulia mtu jina. Atajichafua mwenyewe, na kwa ufundi mkubwa kuliko wetu.

Asubuhi ile aliona jambo. Kila aliyetoka kwa daktari alikuwa ameshika kikaratasi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa na msomi. Aliyefuata kutoka alikuwa Mzee Hosea, karani mstaafu wa benki, ambaye tumbo lake lilifika barabarani kabla yake.

"Shikamoo mzee. Chupa moja ya asali, dawa ya mwili mzima."

"Marahaba. Asali gani wewe! Nimekatazwa sukari, nimekatazwa nyama, nimekatazwa chumvi. Halafu nimeambiwa nifanye mazoezi." Mzee Hosea alikisoma kikaratasi mara ya pili, labda maneno yangebadilika. "Mimi! Baba yangu aliuza kahawa nikasoma ili nikae kwenye kiti. Nimekaa miaka thelathini na mbili bila kosa. Leo mtoto mdogo aliyevaa koti jeupe ananiambia nisimame!"

Aristides alikitazama kikaratasi, akalitazama tumbo, akatazama foleni ya watu waliokuwa bado ndani. Palepale akafunga biashara ya asali. Nyuki wa Kilimanjaro hawakujua walivyonusurika.

Wiki mbili baadaye, ukumbi uliokuwa mashine ya kusaga mahindi huko Majengo ulipata bango jipya: CHUMA NA THELUJI FITNESS, MKURUGENZI COACH ARISTIDES. Ndani bado kulinukia unga. Kulikuwa na mashine moja ya kukimbilia iliyonunuliwa kwa wauza vyuma chakavu, makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa na bomba, na kioo kikubwa ukutani. Kioo ndicho kilichofanya kazi. Aristides alikiegemeza kwa pembe fulani, na kila aliyejitazama alijiona mrefu kidogo na mwembamba kidogo. Watu walilipa ada wakiwa bado wanatabasamu na sura zao.

Ada ilikuwa ya mwaka mzima, taslimu, kabla ya kuinua chochote. "Anayelipa kwa mwezi," Coach aliwaeleza kwa huzuni ya kichungaji, "tayari ameshaamua kushindwa." Hakuna aliyetaka kuonekana ameshaamua kushindwa. Watu ishirini na wanne walijiandikisha: walimu, wastaafu, wenye maduka, na Elisifa.

Elisifa, mama yake Goodness, alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na maharage pale Himo. Mwanamke huyo huingiza mkono ndani ya gunia akakwambia maharage yametoka kijiji gani na yalinyeshewa wiki ipi. Inashangaza kwamba mtu kama huyo alitazama mashine ya kukimbilia isiyokimbia akatoa pesa. Lakini Elisifa alikuwa na jambo lake. Krismasi iliyopita, akipanda kijia kinachokwenda kwa mama yake Mwika, alikaa chini mara tatu kupumua. Mara ya tatu wifi zake walimpita wakicheka, na mmoja akamwuliza kama wamletee kitanda. Mwaka huu alitaka kukipanda kijia kile bila kusimama hata mara moja, na wifi wote wawe wametoka nje wanaangalia. Kwa ajili hiyo angelipia hata kinu.

Baada ya wiki mbili alisimama mbele ya Coach, mikono kiunoni.

"Coach, hii mashine inatembea lini?"

"Mama Goodness, hizo zinazotembea zenyewe ni za kizamani. Hii ya kisasa unaitembeza wewe."

"Nimeisukuma. Haiendi."

"Hapo ndipo nguvu inapojengeka."

"Sikiliza, baba. Nimelipa mwaka. Nimeinua kopo la rangi, nimejitazama kwenye kioo, nimerudi nyumbani. Nikipanda ngazi za duka langu bado nahema kama ng'ombe wa maziwa. Nirudishie hela yangu."

"Hela yako iko kwenye mashine mpya."

"Ziko wapi?"

"Njiani kutoka Mombasa. Zimekwama mpakani, Holili. Mambo ya vibali."

Hapo Aristides aliteleza, maana mkazi wa Himo humdanganyi kuhusu Holili. Elisifa alitabasamu kwa upole wa kutisha.

"Holili? Pale nina madalali, nina wateja, na nina shemeji. Jumatatu nitapita kuziangalia hizo mashine. Nikizikosa, nakuja hapa na wenzangu wote ishirini na watatu."

Alipoondoka, Aristides alianza kukunja nguo zake akilini. Arusha si mbali. Lakini wanaowaletea wengine bahati mbaya mara nyingi huwa na bahati nzuri wao wenyewe, na simu yake ikaita.

Alikuwa Calvin, waliyesoma naye shule ya msingi, sasa mtu mzito Dar es Salaam. Calvin alikuwa anajenga Mwika, kwenye kihamba cha babu yake, yaani shamba la ukoo, kama inavyompasa kila Mchaga anayetaka kuheshimiwa na watu anaowaona siku tano kwa mwaka. Na kama wote, alikumbuka kujenga mwezi wa kumi na moja.

"Ndugu yangu nimekwama. Lori limeshindwa kupanda, limemwaga matofali elfu sita barabarani. Kutoka pale hadi kiwanja ni kijia cha mguu, tena mwinuko. Vibarua wote wamechukuliwa, kila mtu anajenga. Nitafutie watu. Natoa mia mbili kwa tofali, nusu nakutumia leo, nusu tofali la mwisho likifika. Ila mwisho ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Siku hiyohiyo fundi anaondoka kwenda kwa mwingine, na hapo sikulipi kitu."

Aristides alitazama kioo cha ukutani. Wanachama wake walikuwa wamejipanga mbele yake, warefu kidogo, wembamba kidogo. Lakini mabega walikuwa nayo.

"Calvin," alisema, "ninao watu. Na wamejitolea."

Kesho yake aliwakusanya wote.

"Wanachama wapendwa. Kuna mtu hapa amelalamika kuhusu mashine, na namshukuru." Alimwinamia Elisifa. "Mashine ni za watu wa nchi tambarare, wasio na mlima. Sisi tunao. Wazungu wanavuka bahari, wanalipa madola kuupanda mlima huu mikono mitupu. Ninyi mtaupanda mkiwa na uzito. Niambieni, nani amefaidi zaidi?"

"Sisi!" walijibu walimu, waliozoea kujibu kwa pamoja.

"Huo unaitwa Mpango wa Mteremko. Kila Jumamosi, Mwika. Nauli juu yenu."

Na wakaenda. Laiti wazazi wao wangewaona! Wale wazee waliolala na njaa, waliouza kahawa na mbuzi ili watoto wasome wasije wakabeba mzigo kichwani, wangewaona watoto haohao wakishuka kwenye gari wakiwa na viatu vya bei ya mbuzi wawili, wakigombania matofali. Walimu walichukua manne manne. Mzee Hosea alichukua moja, akalikumbatia kifuani kama cheti cha kustaafu, akapanda kijia huku akiuliza kila hatua kumi kama amepungua.

Aristides alikaa chini ya mgomba kwenye kiti cha plastiki, na chupa ya maji baridi.

"Coach," Mzee Hosea aliita akiwa amesimama katikati ya mwinuko, "hili zoezi linaitwaje?"

"Linaitwa maendeleo, mzee! Usilitue!"

La kuudhi ni kwamba zoezi lilifanya kazi. Jumamosi ya tatu Elisifa alipanda na matofali sita akapumzika mara moja tu. Alimwambia Coach, kwa taabu, kwamba huenda alimkosea, na kuhusu Holili hakusema tena neno. Coach alimsamehe mbele ya watu. Rundo la barabarani lilikuwa limepungua hadi matofali mia sita, na Aristides alikuwa ameshachagua rangi ya pikipiki.

Jumamosi hiyohiyo, Bibi Aikaeli, jirani wa kiwanja kile, aliwaonea huruma. Alitoka na sufuria ya mtori, supu ya ndizi ya moto, na vikombe.

"Shikamoo bibi," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Poleni, poleni sana." Alimpa Elisifa kikombe cha kwanza, akamtazama Mzee Hosea aliyekuwa amelala chali kwenye majani. "Ruwa wangu, Mungu wangu! Huko mjini hali imekuwa ngumu kiasi hiki? Mpaka mzee wa miwani anabeba tofali?"

"Hapana, bibi," Elisifa alicheka. "Haya ni mazoezi. Tumelipia."

"Mmelipia nini?"

"Kubeba."

Bibi Aikaeli alilitazama rundo, akawatazama, akaweka sufuria chini. Halafu alicheka. Alicheka mpaka akashika mgomba asianguke, na mgomba nao ukawa unatikisika.

"Mae! Mmelipia! Na yule kijana wa kwenye kiti Calvin anamlipa mia mbili kwa kila tofali! Kanipigia simu jana kuniuliza kazi inaendaje. Nikamwambia unaibiwa, mwanangu, mia mbili ni ghali. Kumbe wanaobeba ndio wanaolipa!"

Kwenye kiti, maji baridi yalipita njia ya hewa. Aristides alikohoa, na kila kichwa kikageuka.

Elisifa alikuwa bado na tofali mkononi. Coach alijiandaa kulikwepa. Badala yake, mama huyo alilitua chini polepole kama anayeweka yai, akajifuta mikono.

"Mimi sijakasirika kubeba," alisema. "Ila nimeuza kitu changu bila kujua nauza. Tangu nizaliwe haijanitokea. Twendeni kwenye gari."

Walishuka wote. Wa mwisho alikuwa Mzee Hosea, aliyesimama mbele ya Coach kwa muda mrefu akitafuta neno linalomfaa karani mstaafu wa benki.

"Kijana," alisema hatimaye, "wewe ni mshenzi." Akachukua chupa ya maji, akaondoka nayo.

Aristides alibaki na matofali mia sita na siku saba. Jumapili alitafuta vibarua Mwika yote. Aliyepatikana alitaka mia nne kwa tofali, kwanza pesa, ndipo anyanyuke. Pesa ya nusu ya kwanza ilikuwa imekwenda kwenye kodi ya ukumbi na kwenye malipo ya awali ya pikipiki nyekundu. Jumatatu na Jumanne aliwapigia simu wanachama. Ishirini na watatu hawakupokea, na mmoja alipokea ili amwimbie wimbo wa mazishi.

Jumatano akapata wazo, na kama ilivyo kwa mawazo yake yote, lilikuwa zuri kwa nusu.

Huku mlimani kuna jani linaloitwa isale. Hupandwa kwenye mipaka ya vihamba, refu, la kijani, halina ua la kujivunia. Lakini mtu akikukosea kisha akaja kwako ameshika isale, humfukuzi. Ununue ugomvi wote uutakao, ulie, ukunje uso, ila kumnyima msamaha huwezi. Aristides aliwahi kumsikia baba yake akilisimulia. Aliona hakuna malighafi bora duniani: haina gharama, haina kodi, na aliyeuziwa haruhusiwi kukataa. Elisifa akimsamehe, wengine watamfuata. Wakimfuata, Jumamosi watabeba.

Alichuma jani kwenye mpaka wa mtu. Kisha akachagua uwanja. Jumatano jioni jumuiya ya sala ilikusanyika nyumbani kwa Bibi Ruth, mama yake Elisifa, na Elisifa alikuwa amekuja. Mashahidi kumi na tano, wote wenye Biblia! Aristides aliingia uani wakati wa amina ya mwisho, akapiga magoti, isale mbele kwa mikono miwili.

"Mama Goodness, nimekukosea. Nimekuja mbele ya wazee na mbele ya Mungu. Shetani alinipitia."

"Alikupitia Jumamosi tatu mfululizo?" Elisifa aliuliza.

"Alikuwa na ratiba. Nisamehe, mama. Nisamehe tuendelee na mazoezi, Jumamosi saa moja asubuhi."

Bibi Aikaeli, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, aliziba mdomo kwa khanga. Elisifa alilitazama lile jani kwa muda, kama anavyotazama maharage ya mtu asiyemjua. Halafu akanyoosha mkono akalipokea.

"Nimekusamehe."

Aristides alishukuru, akainuka, akapangusa magoti.

"Piga magoti, baba," alisema Bibi Ruth. "Bado."

"Bibi, ameshasamehe."

"Ndiyo. Sasa aseme utatengeneza vipi ulichoharibu."

Aristides alitazama huku na huku. "Kutengeneza?"

"Aliyeleta isale amekiri. Aliyelipokea anasema cha kulipwa, na aliyeleta hakatai. Ukikataa ni kama umelitupa chini, na mtu aliyetupa isale hapewi hata moto wa kuwashia jiko." Bibi Ruth alimsogelea, akamkagua. "Nani huyo alikufundisha nusu?"

"Baba yangu, bibi. Alihamia Majengo mapema."

"Imeonekana."

Sasa mtu mwingine angekimbia. Aristides naye alipima umbali wa lango. Lakini kihamba cha babu yake kilikuwa vihamba viwili tu kutoka pale, mama yake amezikwa humo, na kuna mambo machache sana ambayo hata tapeli hataki yasemwe juu ya kaburi la mama yake. Alirudi chini polepole. Moyoni aliomba mbuzi. Mbuzi mmoja, na pipa la mbege, pombe ya ndizi, kama lazima.

"Mbuzi simtaki," Elisifa alisema. "Daktari amenikataza nyama nyekundu. Nataka matofali yaliyobaki uyabebe wewe. Kwa kichwa chako, bila kibarua, mpaka la mwisho. Na nusu ya pili ya Calvin wagawane walioyabeba yale ya kwanza."

"Mama Goodness, Calvin hawezi kukubali..."

"Mwanangu amekubali," alisema mama mmoja mnene kutoka pembeni, akifunga Biblia yake. "Nimezungumza naye mchana. Alitaka kuja na polisi, nikamwambia asijisumbue, tutakusubiri uje mwenyewe."

"Mgongo wangu..." Aristides alinong'ona.

"Mgongo," Elisifa alimjibu kwa sauti ya kitaalamu, "unataka mazoezi."

Alianza Alhamisi alfajiri. Ijumaa alikuwa ameacha kutembea kama mkurugenzi. Alitembea kama mtu anayetafuta kitu kidogo kilichoanguka chini. Habari zilishuka hadi mjini, na Jumamosi wanachama wote walifika, safari hii kwa furaha. Walimu walibeba vitafunwa. Mzee Hosea alikikalia kiti cha plastiki chini ya mgomba.

"Usilitue!" alipaza sauti. "Hayo ndiyo maendeleo!"

Wifi za Elisifa nao walikuwa wametoka, maana hakuna aliyetaka kukosa. Elisifa alipanda kijia, kilekile cha Krismasi iliyopita, sambamba na Aristides, mikono mitupu, kutoka barabarani hadi kiwanjani, akimweleza njia nzima bei ya maharage ya Himo na sababu zake. Hakusimama hata mara moja. Hakuhema. Walipopita mbele ya wifi zake alipunguza mwendo kidogo, kwa makusudi, akawasalimia kila mmoja kwa jina.

Zilikuwa zimebaki safari nne. Gari jeupe, kubwa, la kutoka Dar, lilisimama kando ya rundo. Kioo kilishuka, na nyuma yake kukatokea mgeni mpita njia aliyejaa kiti chake na sehemu ya kiti cha pili. Alimtazama Aristides akinyanyua matofali sita, jasho likitiririka, watu wakimshangilia.

"Samahani, mama. Hapa kuna nini?"

Elisifa alimwangalia yule mtu, akaangalia na gari.

"Mazoezi," alisema. "Ni mpango maalumu. Unaona alivyokwisha? Siku tatu tu hizo."

"Siku tatu!" Mtu yule alijishika tumbo kwa huzuni. "Na mimi daktari amenisema sana. Mnapokea watu wapya?"

Aristides, shingo imezama mabegani, alisikia kila neno. Aligeuka na mzigo wake akafungua mdomo ili aseme kitu, labda ukweli, ambao ungekuwa wa kwanza kwake mwaka ule. Lakini pumzi haikutosha. Hakuna maumivu mwilini mwake yaliyofikia yale ya kuona wazo lake likichukuliwa mbele ya macho yake, na likichukuliwa vizuri kuliko alivyolitumia yeye.

"Nafasi zimebaki chache," Elisifa alikuwa anasema. "Na ada ni ya mwaka. Anayelipa kwa mwezi ameshaamua kushindwa."

"Nalipa mwaka. Naanza na matofali?"

"Hapana, baba, matofali ni ya waliobobea." Elisifa aligeuka akatazama juu, kwenye zizi la mama yake, ambako samadi ya miezi sita ilikuwa inasubiri kupelekwa kwenye kahawa. "Wewe tutakuanzisha taratibu."